Lori la Tanzania, barabara ya wenzetu: mwongozo wa dereva anayekwenda Lubumbashi kwa mara ya kwanza

Tajiri halali rumande. Liweke hilo kichwani kabla hujapokea funguo. Gari likizuiwa Nakonde, mpakani upande wa Zambia, kwa sababu ya namba moja iliyokosewa kwenye karatasi, mwenye gari yuko Dar anapiga simu, wakala kazima yake, na anayebaki yadi akila ugali wa kununua kwa pesa ya safari ni dereva. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii mpakani. Unaanzia yadi, siku mbili kabla ya kuwasha injini, na nimemwandikia dereva aliyezoea Dar–Mwanza au Dar–Arusha ambaye sasa amepewa mzigo wa Kongo kupitia Zambia.

Njia hiyo nimeichagua kwa makusudi. Ndani ya safari moja unaingia nchi inayoendesha kushoto kama sisi ila kwa Kiingereza, halafu nchi inayoendesha kulia kwa Kifaransa na Kiswahili chake yenyewe. Ukiimudu hii, Malawi au Uganda hazitakutoa jasho.

Hatua ya 1: Karatasi zako wewe

Pasipoti iwe na muda wa kutosha na kurasa za kutosha. Hesabu mwenyewe: kutoka Tanzania, kuingia Zambia, kutoka Zambia, kuingia Kongo, halafu vyote kwa kurudi. Mihuri minane kwa safari moja. Dereva anayekwenda na kurudi mfululizo huimaliza pasipoti kabla haijafika tarehe yake, na siku ya kuigundua hiyo huwa ni dirishani kwa uhamiaji, foleni nyuma yako inanung'unika.

Leseni ni ile ya daraja E, kadi yenyewe, isiyopauka. Leseni zetu zinatambuliwa katika nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo hulazimiki kufanya mtihani mwingine Zambia, ila askari ataangalia daraja na tarehe ya mwisho. Picha ya leseni kwenye simu si leseni.

Kisha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo wanaitaka kwa kila anayeingia. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaihesabu chanjo hiyo kuwa ya maisha, kwa hiyo mtu akikwambia kadi yako ya mwaka 2012 "imeexpaya" baada ya miaka kumi, mjibu kwa adabu na umwoneshe. Nasema kwa adabu kwa sababu kwenye kibanda cha afya mpakani mwenye sauti kubwa ndiye anayekaa sana.

Mambo ya viza usiyachukue kwa mwenzako wa kijiweni. Masharti ya Kongo muulize wakala kwa safari hii unayokwenda, na akujibu kwa maandishi.

Hatua ya 2: Karatasi za gari

Unatembea na magari mawili, kichwa na tela, kila kimoja na kadi yake ya usajili. Kama gari si lako, na mara nyingi si lako, beba barua ya mwenye gari inayokutaja kwa jina lililo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba za kichwa na tela, na nchi unazoruhusiwa kwenda nalo. Bila barua hiyo askari wa Zambia ana haki ya kukuuliza umelipata wapi.

Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iwe hai na iwe ya safari za nje. Na bima. Hapa ndipo wageni huchanganya, maana kuna kadi mbili za njano. Moja ni ile ya chanjo. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo ni bima ya gari kwa nchi za watu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini mpango wa kadi hii tumo, kwa hiyo kampuni ya bima ya hapa nyumbani inakukatia. Ukiipokea, usiishie kuangalia rangi. Ina visanduku vya nchi, na nchi ambayo haijalipiwa hukatwa. Hakikisha Zambia na Kongo zote hazijakatwa, na kwamba namba ya tela nayo imo. Nilishamwona dereva ana kadi safi kabisa, imelipiwa Zambia na Malawi, na yeye anakwenda Likasi, Kongo.

Ujue pia kadi hiyo inabeba nini. Inalipa uliyemgonga au kumharibia mali, na matibabu ya walio ndani ya gari lako. Haikutengenezei bampa, wala hailipi mzigo.

Hatua ya 3: Karatasi za mzigo, na namba ya tela

Za mzigo ni kazi ya wakala: tamko la forodha la transiti ambalo wengi tunaliita T1, manifesti, ankara, orodha ya mzigo, na dhamana ya forodha, ile bondi. Wewe si wakala, lakini kuna vitu vitano unavisoma mwenyewe kwa kidole kabla ya kusaini: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya kontena, namba ya sili, na jina lako.

Nasisitiza tela kwa sababu ilinikuta. Tulikuwa tumeshapakia salfa, karatasi zimeshatoka, usiku fundi akaona kitovu cha tairi la tela kina ufa. Mzigo ukahamishiwa tela nyingine, jambo la busara kabisa. Asubuhi nikakabidhiwa bahasha ileile ya jana. Tunduma hakuna aliyeona. Nakonde, afisa alitoka nje na karatasi mkononi, akazunguka nyuma ya gari, akainama kusoma kibao, akarudi bila kusema neno. Nilikaa pale siku nne. Wakala aliniambia kosa ni dogo, na kweli lilikuwa dogo, herufi moja na tarakimu mbili.

Mzigo ukishafungwa sili, na siku hizi za kielektroniki zinazofuatiliwa na TRA ndizo nyingi, sili hiyo ina thamani kuliko tairi zako zote. Ipige picha ikiwa mpya. Ikague kila unaposimama. Ikikatika, hata kwa bahati mbaya, usiendelee hata kilomita kumi ukisema utaeleza mbele. Simama, toa taarifa polisi na forodha walio karibu, upate maandishi. Sili iliyokatika ikiwa na taarifa ni tatizo la karatasi. Iliyokatika bila taarifa ni kesi ya wizi au magendo, na mshitakiwa ameshapatikana, kashika usukani.

Hatua ya 4: Uzito

Wageni wengi wanajua namba moja tu, tani 56. Ndiyo, huo ndio ukomo wa jumla wa gari na mzigo kwa Afrika Mashariki na kwa SADC, na urefu usizidi mita 22. Lakini 56 si haki ya kila lori. Mizani inasoma ekseli kwanza.

Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli mbili za kusukuma zenye tairi nne kila moja ni tani 18. Ekseli tatu za tela, tairi nne kila moja, ni tani 24. Jumlisha: 8 na 18 na 24 ni 50. Kwa hiyo semi ya kawaida ya ekseli sita, ile tunayoendesha wengi, mwisho wake ni tani 50, na ukija na 52 ukijitetea kwa 56 utachekwa. Hizo 56 ni za gari lenye ekseli saba. Kama tela yako ina tairi moja moja pana badala ya mbili mbili, ukomo wake unashuka zaidi, uliza kabla ya kupakia.

Sasa toa uzito wa gari tupu. Kichwa na tela kwa pamoja vikiwa tani 18, umebaki na tani 32 za mzigo, na humo ondoa mafuta ya tangi lililojaa, spea mbili, minyororo, magunia yako ya mchele wa kuuza Nakonde (najua yapo), na utingo. Anayekupakia tani 32 kamili anakuuzia kesi.

Jumla ikikaa sawa bado ekseli inaweza kukufunga. Mzigo uliosogea mbele unazidisha ekseli za kusukuma huku tela ikiwa nyepesi. Miteremko ya Mbeya ina kazi hiyo: kila unapokanyaga breki mzigo usiobanwa unajongea kichwani. Mara moja nilipita Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, zote safi, nikakamatwa mizani ya Zambia kwa ekseli za kati. Tulishusha na kurudisha nyuma magunia kwa mikono, mimi na utingo na vijana watatu wa kukodi, tangu jua la utosi hadi giza. Tangu hapo nakaza mikanda upya nikishamaliza mlima Kitonga, na tena Tunduma.

Mzigo unaokunywa maji, kama salfa ya kumwagwa, ufunike turubai lisilo na tundu hata la msumari. Masika ya Mpika, Zambia, yanaongeza uzito ambao haupo kwenye karatasi yoyote.

Hatua ya 5: Vitu vya kuwa navyo garini

Pembetatu mbili za tahadhari, nzima. Mtungi wa kuzima moto wenye tarehe hai. Vizuizi vya tairi vya mbao au chuma, maana jiwe la barabarani unaliacha katikati ya njia na dereva wa nyuma yako analikuta usiku. Stika za kuakisi mwanga: nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na za ubavuni zisiwe zimechubuka. Koti la kuakisi kwa kila mtu. Na ile stika ya duara dufu yenye herufi EAT, alama ya Tanzania kimataifa tangu enzi za Tanganyika, bandika nyuma ya tela.

Dawa nazo. Zambia wana ukali na dawa ambazo kwetu unazinunua duka la dawa bila swali, hasa za kikohozi zenye kodeini na za mafua au mzio zenye diphenhydramine. Watu wameshafungwa kwa hizo. Kama unazihitaji, ziwe kwenye boksi lake na karatasi ya daktari. Kama huzihitaji, ziache nyumbani.

Pesa: kwacha kidogo, dola kidogo. Dola ziwe safi. Kongo noti yenye mchaniko wa ukucha tu inakataliwa, hata muuza maandazi ataigeuza mara mbili na kukurudishia.

Hatua ya 6: Tunduma na Nakonde

Tangu mwaka 2019 mpaka huu una kituo cha pamoja. Maana yake, ukienda, shughuli za kutoka Tanzania na za kuingia Zambia zinafanyika upande wa Nakonde. Ukirudi, zote zinafanyika Tunduma. Usipoteze nusu siku ukitafuta muhuri wa kutokea upande usio wake.

Rudisha saa yako nyuma saa moja. Saa tatu asubuhi Tunduma ni saa mbili Nakonde, na Lubumbashi wako sawa na Zambia. Linaonekana dogo hadi siku wakala atakapokupangia kwa simu "saa kumi na moja" kwa hesabu ya Kizambia, yaani saa tano asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, nawe ukafika dirishani saa kumi na moja jioni. Mkipanga muda semeni "kwa saa za wapi".

Unavyolipa hapo ni hivi: tozo ya barabara kwa gari la kigeni kulingana na umbali wa safari yako, tozo ya kaboni, ushuru wa halmashauri, na gari lenyewe kupewa kibali cha kuingia kwa muda. Kibali hicho kina tarehe. Gari likiharibika Serenje na tarehe inakaribia, omba nyongeza kabla haijapita. Stakabadhi zote weka kwenye faili moja la plastiki kwa mpangilio wa ulivyolipa, si kwenye kioo cha jua, kwa sababu upepo wa Isoka hauna huruma. Zitaulizwa mpaka utoke Zambia.

Vishoka wapo pande zote mbili. Wanavaa vizuri, wanakuita "kaka" au "bosi", wanajua jina la kampuni yako kwa kusoma mlango wa gari. Karatasi zako mpe wakala uliyetajiwa na ofisi, na pasipoti yako usimpe mtu yeyote "akakugongee". Unaipeleka mwenyewe.

Hatua ya 7: Kilomita zaidi ya elfu moja za Zambia

Kutoka Nakonde unapita Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje na Mkushi hadi Kapiri Mposhi, stesheni ya mwisho ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita mia nane na ushee. Pale njia panda ukikunja kushoto ni Lusaka. Wewe unakunja kulia kwenda Ndola, Kitwe, Chingola na Chililabombwe.

Kuendesha ni kushoto kama kwetu, na kwenye mzunguko unampisha anayetoka kulia kwako. Lori zito lisizidi kilomita 80 kwa saa; kwenye miji na shule fuata kibao, na kibao kikiwa kimeanguka chukulia bado kimesimama, kwa sababu trafiki mwenye mashine ya spidi anajua kilipokuwa. Mizani ni za wakala wao wa barabara, RDA, na mambo ya leseni, usalama na ukaguzi wa magari ni ya RTSA. Taja majina hayo sawasawa unapozungumza na askari. Inaonesha hujaokotwa jana.

Ukikamatwa kwa kosa la kweli, kubali, lipa, dai stakabadhi ya serikali. Ukikamatwa kwa kosa usilolielewa, omba liandikwe, na uulize kifungu. Usibishane ukiwa umekaa juu kwenye kiti na yeye amesimama chini. Shuka, vua kofia, msalimie. "Muli shani" ya Kibemba, na "natotela" ukishamaliza, zimewahi kunipunguzia dakika nyingi kuliko Kiingereza changu cha kuokota.

Hatari kubwa ya kipande cha Mpika hadi Serenje ni usingizi. Barabara imenyooka, msitu kulia, msitu kushoto, huoni taa kwa muda mrefu. Mimi nasimama kila baada ya saa nne hata kama sijachoka, nazunguka gari, nagonga tairi, nachimba dawa, nakunywa maji. Usiku silali kando ya barabara. Nalala penye malori mengine na mlinzi. Na kama unapeleka mzigo uliozidi vipimo, mashine pana au ndefu, huo una kibali chake, una gari la kuongoza, na unatembea mchana tu.

Hatua ya 8: Usibebe mtu, usibebe mzigo wa pembeni

Hapa nitakaa kidogo.

Njia hii inapitisha vijana wa Kihabeshi wanaotafuta Afrika Kusini. Atakuja mtu mtulivu, atakupa pesa inayozidi posho yako ya safari nzima, atasema ni watu saba tu hadi Kapiri, wana pasipoti. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, lori lilisimamishwa kwenye mizani, askari wakasikia watu wakigonga kutoka ndani ya kontena. Walipofungua walikuta maiti 64 za Waethiopia waliokosa hewa, na 14 wazima. Dereva alikamatwa palepale. Kila mara mtu akiniuliza kwa nini sibebi hata mmoja, namtajia Tete.

Kabla ya kuondoka penye maegesho, pita juu ya turubai kwa macho, chini ya tela kwenye sanduku la spea, na nyuma ya kichwa. Kuna wanaopanda bila wewe kujua, lakini mahakama haina kipimo cha kutojua.

Mbao pia. Mukula, ule mti mwekundu, umepigwa marufuku mara kadhaa Zambia. Mwaka 2017 mamia ya malori yaliyobeba magogo hayo kutoka Kongo yalizuiliwa Zambia, mengi ya Kitanzania, na madereva walikaa nayo kwa muda mrefu. Wakati wa kurudi gari likiwa tupu ndipo ushawishi huo unapokuja. Mzigo usio na karatasi yenye namba ya gari lako si mzigo wako.

Hatua ya 9: Kasumbalesa, na kuhamia kulia

Foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, inaweza kuwa ya saa, inaweza kuwa ya siku. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku kadhaa kwa mgogoro wa biashara ya vinywaji, na vituo vingine vya mpaka huo, Mokambo na Sakania, pia. Kwa hiyo ukitoka Chingola uwe na maji, chakula kikavu na gesi. Usiache gari hata kama foleni imelala. Ukishuka, utingo abaki. Hapo ndipo mafuta yananyonywa na mikanda inakatwa.

Ukivuka, unahamia upande wa kulia wa barabara, na usukani wako uko kulia pia. Maana yake umekaa upande wa ukingo, na katikati ya barabara iko mbali nawe, upande wa utingo. Mambo manne yanabadilika.

Kupita gari lililo mbele: huoni hadi nusu ya gari lako imeshatoka kwenye njia ya anayekuja. Mimi sipiti, basi. Kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90. Hata ukimfuata trekta utafika leo. Kama hapana budi, utingo ndiye jicho lako, na muwe mmekubaliana maneno mawili tu: "njoo" na "hapana". Utingo anayesema "nadhani iko poa" mshushe cheo.

Mizunguko: unazunguka kinyume na ulivyozoea, ukianzia kulia. Na kwenye makutano yasiyo na kibao wala taa, anayetoka kulia ndiye mwenye njia, hata akiwa kwenye kibarabara cha vumbi.

Taa: taa za magari yetu zimetengenezwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto. Ukiwa upande wa kulia zinampiga usoni anayekuja, hata ukiwa umeshusha. Ndiyo sababu mojawapo ya kutotembea usiku.

Mlango wa utingo: huu ndio unaoua. Kwetu utingo akiruka chini anaangukia majani ya ukingoni. Kongo anaangukia katikati ya barabara. Tangu mnapoingia, mwambie ashuke kwa mlango wako, akupite magotini kama ikibidi.

Na saa ya hatari kuliko zote si pale mpakani, ambapo wote mna akili. Ni asubuhi ya siku ya pili, umelala yadi, unatoka getini barabara ikiwa tupu, mkono unakunja kushoto wenyewe. Mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani, upande wa kulia. Kinachekesha watu, lakini kipo.

Mambo mengine ya Kongo kwa haraka: bendera inapopandishwa asubuhi au kushushwa jioni, na ukiona watu na magari wamesimama, simama nawe, zima muziki. Msafara wa wakubwa ukipita, toka pembeni kabisa. Usipige picha mpakani, madarajani, migodini wala penye askari. Kwenye kizuizi toa nakala kwanza, karatasi halisi ikihitajika uishike ikionekana. Lugha haitakutesa, Lubumbashi Kiswahili kipo, ingawa watasema "batu" wakimaanisha watu na "makuta" wakimaanisha pesa, na neno hilo la pili utalisikia mara nyingi.

Hatua ya 10: Ukigonga au kugongwa

Zima injini, washa taa za dharura, weka pembetatu mbali na gari, angalia majeruhi. Usisogeze gari kabla polisi hawajapima, labda wakuamuru. Kama umati unakusanyika na mikono inainuka, ondoka na uende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe na kutoa taarifa. Huko si kukimbia, mradi umeripoti papo hapo. Onesha Kadi ya Njano, upate namba ya taarifa ya polisi, na siku hiyohiyo mjulishe mwenye gari na kampuni iliyokukatia kadi, ili ofisi ya mpango huo katika nchi uliyopo ichukue jambo. Usisaini maelezo yaliyoandikwa kwa lugha usiyoisoma. Una haki ya kuomba mkalimani, na ubalozi wa Tanzania upo Lusaka na Kinshasa.

Hatua ya 11: Kurudi

Ukishushia mzigo, transiti haijaisha. Hakikisha karatasi za kufikisha mzigo zimegongwa na zimefungwa kwenye mfumo. Usipofanya hivyo bondi inabaki wazi na safari ijayo gari lile linagoma kupita, na atakayekuwa ndani yake pengine ni wewe tena.

Ukipakia shaba, tela itaonekana tupu. Mafungu ni machache, mafupi, na kila moja ni zito kuliko gari dogo. Yapangwe kwa kufuata ekseli, yasirundikwe mbele, na yabanwe moja moja. Hesabu mafungu na mikanda yake ya chuma kabla ya kusaini, andika idadi kwa mkono wako. Ukitembea na msafara wa ulinzi, usitoke kwenye mstari kwa ajili ya mishikaki.

Tunduma utamaliza shughuli zote upande wetu. Kabidhi kibali cha gari, pata mihuri yako miwili ya mwisho, zipige picha karatasi zote uzitume ofisini ukiwa bado umesimama pale dirishani, maana wakikuta kosa ukiwa Makambako utarudi. Kisha fungua kitambaa kwenye usukani, na usogeze saa mbele saa moja.